Mahali Ambapo Mpunga Hauoti

Jumapili, 3 Septemba 1995

Kelestini amenizidi tena. Leo baada ya misa alisimama mbele ya waumini wote wa Chita, akatangaza kwamba tarehe kumi na mbili atachinja ng'ombe. Ng'ombe mzima. Kampata kwa Shilinde, yule mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Namawala. Sababu ni jubilei ya ndoa yake, miaka ishirini na mitano.

Jubilei hiyo ni yangu pia. Tulifunga ndoa siku moja, altare moja, jozi sita kwa mpigo, maana padri wa wakati ule alisubiri watu wavune ndipo awafungishe wote pamoja. Kelestini alisimama kulia kwangu. Viatu vyake viling'aa. Sijasahau.

Watu wakanigeukia. Sina ng'ombe. Nina kuku wawili, na mmoja analalia. Nikasimama, nikasema mimi Fridolin sitawalisha watu nyama, nitampeleka mke wangu safari. Verediana, mke wa Kelestini, akauliza kwa upole mno ni safari ya wapi. Nikamjibu watasikia.

Restituta alikuwa kwenye benchi la akina mama. Aliinamisha kichwa. Nadhani ni furaha.

Jumatano, 6 Septemba

Safari imepata mahali. Chumbani kwetu kuna karatasi ya kalenda ya misheni, ya mwaka 1983. Mwaka uliisha, Restituta hakuibandua. Ni picha ya Isimila, kule Iringa: nguzo ndefu za udongo na mawe mekundu, zimesimama zenyewe kwenye korongo kavu. Nilimuuliza kwa nini ameitunza. Akasema hapo hakuna maji, hakuna tope, hakuna ndege wa kuamia shambani. Tangu utoto hajawahi kukaa siku nzima mahali ambapo mpunga hauoti.

Miaka yote hii nimelala chini ya picha ile na sikujua. Nikamwambia tunakwenda hukohuko.

Akaweka sharti. Hakuna mzigo wa biashara. Alisema kila safari tuliyowahi kwenda ilikuwa na gunia. Mahenge tulikwenda kumzika shangazi yangu, na gunia. Morogoro tulikwenda kumwona mtoto wa Eveline, binti yetu, na magunia mawili, tukashinda sokoni, mjukuu tukamwona akiwa amelala. Safari hii anataka aende kama mke. Na nisimdanganye. Nikimdanganya tena, atashuka Mlimba kwa dada yake Balbina, na nyumba nitabaki nayo mwenyewe.

Nikaapa. Nilimaanisha kabisa.

Ijumaa, 8 Septemba

Jambo jipya. Beatus, mhudumu wa behewa kwenye treni, kapita hapa kunisalimia. Anasema Iringa kuna mama mmoja aitwaye Luciana, mwenye nyumba ya wageni. Ukimpelekea mchele wa kwetu anakupa chumba na chakula, wala hakuulizi kitu kingine. Mchele wa Ifakara ukipikwa kule majirani wanatoka nje kuangalia ni kwa nani.

Nimefikiri kwa makini. Kiapo changu kilihusu biashara. Hii si biashara, ni kupeana. Hata katekista asingepata la kusema.

Tatizo ni mchele wenyewe. Gunia la chakula Restituta hulikagua kila asubuhi kwa macho, na macho yake hayakosei. Lakini Mungu hamtupi mja wake! Nyuma ya mtungi, ghalani, nimekuta kiroba cha mpunga kilichosahauliwa. Kimefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu, kimechakaa hata maandishi hayasomeki. Mpunga safi ajabu, hauna pepe hata moja.

Nikaubeba hadi mashineni wakati Restituta yuko kwenye jumuiya. Viktor, kijana wa kukoboa, akaniamkia, akatia mkono ndani ya kiroba, akauliza kama mzee nina hakika, maana unaonekana ni wa mbegu. Nikamwambia ukiupanda ni mbegu, ukiukoboa ni chakula. Akacheka, akawasha mashine. Harufu ile! Hata mwenye duka la jirani alikuja kuuliza.

Kiroba nimekijaza pumba, nikakirudisha nyuma ya mtungi, kanga juu yake. Mchele uko chini ya sanduku. Suti ya harusi iko juu ya mchele.

Jumapili, 10 Septemba

Tumeondoka. Kelestini alikuja stesheni kutuaga, kwa wema wa kujionyesha, akataka kunibebea sanduku. Akalinyanyua, akaliweka chini, akauliza suti yangu ilishonwa kwa nondo au kwa uzi. Nikasema ni viatu. Restituta akaitazama miguu yangu. Viatu nilikuwa nimevaa.

Ndani ya treni alikaa dirishani. Tulipopita Mlimba akaonyesha upande iliko nyumba ya dada yake. Kisha milima ikaanza, na mahandaki, na kila tulipotoka gizani nilimwona anatabasamu peke yake. Sijamwona hivyo tangu Eveline azaliwe. Nilitaka kumwambia kuhusu sanduku. Nikaona nisimharibie siku.

Jumatatu, 11 Septemba

Makambako, aibu. Sanduku limepata tundu kwenye kona. Nilivuka uwanja wa mabasi nikiburuta, na kuku wa Makambako wakanifuata. Kwanza wawili, kisha ukoo mzima, na jogoo. Watu wakasimama kutazama. Restituta akauliza kuku hawa wananitakia nini. Nikajibu kuku wa nyanda za juu ni wakarimu. Tundu nikaliziba kwa soksi.

Iringa ni baridi. Mama Luciana ni mtu mzuri, mnene, mcheshi. Restituta alipokwenda kuoga nikampa mchele jikoni. Akachota kiganjani, akanusa, akafumba macho. Akatupa chumba chenye dirisha kubwa na blanketi mbili, akasema kesho atatufungia chakula cha kwenda nacho Isimila, zawadi ya jubilei yetu. Kila kitu kimekwenda nilivyopanga. Restituta aliuliza nimewezaje kupata chumba kizuri hivi. Nikamwambia mume anayepanga mambo hashindwi.

Akanishika mkono. Mbele ya watu.

Jumanne, 12 Septemba. Jubilei.

Naandika pole pole. Sijui nianzie wapi.

Tulifika asubuhi. Nguzo zile ni kubwa kuliko kwenye picha. Zimesimama bondeni bila kushikwa na kitu, nyekundu, na juu ya kila moja kuna jiwe kama kofia. Upepo tu. Restituta alivua viatu akatembea peku kwenye mchanga mkavu. Kila nguzo aliigusa kwa kiganja. Mimi nilivaa suti. Ilikuwa na vumbi la mchele mabegani, nikalipangusa haraka.

Tukakaa kivulini. Akasema miguu yake imekauka, kwamba hajui lini mara ya mwisho ilikauka hivi. Akasema nimefanya jambo zuri. Akasema kumbe unaweza. Nilifurahi kuliko ningechinja ng'ombe kumi.

Kisha akafungua hotpoti ya Mama Luciana.

Mvuke ulipomfikia alisimamisha mkono. Akanusa. Akachukua punje chache kwa vidole, akazitia mdomoni, akatafuna muda mrefu. Akaniuliza mama yule kaupata wapi mchele huu. Nikasema Iringa ni mji, vitu vinatoka kila mahali. Akasema mchele huu hautoki kila mahali. Akasema mama yake aliupanda, na bibi yake, na siku ya harusi mama alimfungia mbegu kwenye kanga yake mwenyewe. Kila mwaka Restituta anaupanda kwenye kona moja ya shamba, anachagua masuke kwa mkono kabla mimi sijaingia na mundu, ili mbegu isichanganyike. Mama amekufa. Hakuna wa kumwomba tena.

Ndipo nikakumbuka mwaka wa mafuriko. Maji yaliingia ndani, yeye akaacha godoro, akaacha hata redio yangu, akatoka na kiroba kichwani. Nilidhani amechanganyikiwa. Nilimsema mbele ya watu.

Akauliza kama umebaki wowote ambao haujakobolewa. Nikaanza kueleza kwamba kupeana si biashara. Akauliza tena. Nikasema hakuna.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Mimi nilikuwa nimeshajipakulia. Akanyoosha mkono, akachukua bakuli langu, akarudisha wali wote kwenye hotpoti. Akala mwenyewe. Alikula taratibu mpaka ukaisha, akaokota na punje iliyoanguka kwenye gauni. Mimi nilikaa na suti yangu. Sikuwa na njaa.

Alhamisi, 14 Septemba

Ameshuka Mlimba.

Treni iliposimama alichukua kifurushi chake, akasimama mbele yangu. Alizungumza kwa utulivu, na hilo ndilo liliniogopesha. Alisema Balbina ni mjane, hana mwanamume wa kumpangia mambo, huenda bado anayo mbegu ya mama yao. Akiipata ataituma kwa Beatus. Niiweke ndani ya nyumba, nisiifungue. Yeye atafuata. Akiikuta kama alivyoituma, atakaa. Akiikuta imeguswa, atarudi kwa dada yake, na tusije tukasumbuana na mapadri.

Nikamwambia nampenda. Sikumbuki kama nimewahi kusema hivyo kabla. Akaniambia nijifunike, Chita kuna baridi asubuhi. Chita hakuna baridi. Nadhani alikuwa anatafuta la kusema.

Jumapili, 24 Septemba

Nimemsingizia malaria. Kanisani watu wameuliza mwenzangu yuko wapi, nikasema kaugua njiani, anauguzwa na dada yake. Padri akamwombea kwa jina. Nikaitikia amina na wenzangu.

Kelestini alipita nyumbani jioni na nyama iliyokaushwa, masalio ya ng'ombe wake. Nimeipokea. Nimeila. Haikuwa na chumvi ya kutosha.

Nyumba ni kubwa. Sikujua ni kubwa hivi. Asubuhi nalikagua gunia la chakula kwa macho kama alivyokuwa akifanya, wala sioni kitu.

Alhamisi, 5 Oktoba

Imefika!

Beatus kaleta mwenyewe. Kifurushi kidogo, kinaenea viganja vya watu wawili. Kimefungwa kwa kanga, fundo la Restituta, lile la kupinda mara mbili na kuingiza ncha ndani. Ujumbe: anakuja Jumapili kwa treni, mvua haziko mbali.

Nimekaa kitandani nikakipakata. Nimelia, naandika hivyo kwa kuwa hapa hakuna wa kusoma. Kaniamini. Baada ya yote kaniamini na kitu kilekile. Nimekitundika kwenye boriti, mbali na panya, mbali na maji, na mbali nami. Sitakigusa. Naapa mbele ya picha ya Isimila.

Jumamosi, 7 Oktoba

Siku ya maandalizi. Nimefagia uwanja. Nimeteka maji. Nimefua shuka.

Mchana alikuja Kelestini na mkewe. Beatus ana mdomo, habari yote wanayo. Verediana akanipa pole. Kelestini akasema hapana, mke haachi nyumba kwa sababu ya mpunga, mpunga ni kisingizio. Mke anaacha nyumba kwa sababu ya mume. Akasema hakuna mpunga duniani wa namna hiyo.

Nilivumilia. Nilihesabu rozari nzima moyoni. Lakini alikuwa anamtukana mama mkwe wangu, marehemu, na heshima ya Restituta pia. Mtu wa kumtetea alikuwa mimi tu. Angekuwepo, angetaka nimtetee.

Nikachukua kidogo. Kidogo sana. Nikatwanga kwenye kinu, nikapepeta, nikabandika sufuria. Harufu ilipotoka Verediana aliacha kuzungumza. Kelestini alikula bila kuinua kichwa, kisha akasogeza sahani yake mbele. Nikamwongeza. Ilibidi nikatwange tena. Alipomaliza akafuta mdomo, akasema kweli, Fridolin, nimekosea. Kelestini! Miaka ishirini na mitano nimelingoja neno hilo. Laiti Restituta angelisikia.

Walipoondoka nikaona kifurushi kimepungua zaidi ya nilivyokusudia. Si kitu. Nimechota kwenye gunia la chakula, mpunga wa rangi ileile, nikajazia, nikachanganya vizuri kwa mkono mpaka hakuna anayeweza kutofautisha. Sasa kimejaa kuliko kilivyokuja. Fundo lake lilikuwa limelegea, nami nimefunga jipya, imara zaidi, la mara tatu.

Kesho atalikuta boritini. Nitavaa suti.