Takwimu kwa Njia ya Usingizi

Jumatatu, 3 Machi

Loo! Leo nimefumbuliwa macho. Nimetoka ukumbini kumsikiliza mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mpole, sauti ya kubembeleza. Kasema mwili, akili, usingizi, chakula na marafiki si vitu mbalimbali. Ni kitu kimoja! Ukigusa hiki umegusa na kile. Wenzangu walipiga miayo. Mimi nywele zilinisimama.

Maana Alhamisi nina mtihani wa marudio wa Takwimu. Nikifeli, narudia mwaka mzima. Dada kapiga simu asubuhi kuuliza nimefika wapi na kusoma. Nikamjibu nipo njiani. Sasa njia nimeiona! Kama mwili na akili ni kitu kimoja, basi nikiulisha mwili, akili nayo imeshiba. Kitabu cha nini? Jambo kubwa hivi limekaa wazi miaka yote, na wasomi wote wale wanalipita tu!

Nimemweleza Twiga, mwenzangu wa chumbani. Jina kapewa kwa ajili ya shingo. Naye anarudia mtihani huohuo. Kaguna, kasema afadhali tusome pamoja. Wivu huo.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala mpaka jua la utosi. Usingizi mtamu ajabu! Nimeamka kichwa kizito. Bila shaka Takwimu inaingia.

Twiga kaamka alfajiri, kakimbia kuzunguka uwanja, kaoga, kanywa maji, kafungua kitabu. Yote bila kununa. Kiumbe gani huyu? Namvulia kofia, na simpendi. Nikaamua kumshinda kwa maji. Kanywa glasi, nami mbili. Kaongeza, nikahamia kwenye jagi. Hakujua hata kama tunashindana. Nimeshinda! Ila mchana kutwa nilikuwa wa kwenda na kurudi. Mfagiaji wa vyoo kauliza kama nahamia. Mwili wa binadamu ni maajabu matupu.

Jumatano, 5 Machi

Zamu ya marafiki. Nimepiga soga kantini mpaka mpishi kapindua viti juu ya meza, na mimi bado nimekalia cha mwisho.

Dada kapiga tena. Yeye aliacha masomo ili mimi nisome. Hakulitaja hilo, halitaji kamwe. Kasema tu ananiombea. Iliniuma, jamani. Nikakimbilia kitabu. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Moyo ukaanza kwenda mbio! Na mshauri alisema moyo ukienda mbio, acha unachofanya, vuta pumzi. Nikaacha. Nikavuta. Utulivu ulioje!

Twiga kaja na karatasi zake. Kuna swali halikosekani kila mwaka, kasema, anifundishe hilo tu, linatosha kunivusha. Nikamwambia asinivurugie utulivu. Kakusanya karatasi, kaondoka. Mwenye wivu ajinyonge.

Alhamisi, 6 Machi

Wenzangu wote wanatetemeka. Twiga jasho linamshuka shingoni, na ile shingo ni safari. Mimi? Maji mtungini.

Swali la kwanza sikulielewa. La pili, wala. La tatu nikamwona Twiga anatabasamu, nikajua ndilo lile lake. Lakini tazama maajabu: sikuogopa! Mtu hajui kitu, na moyo unapiga taratibu. Nimeandika jina langu kwa mwandiko mzuri sijapata kuuona. Kisha jagi nililokunywa asubuhi likaniita. Msimamizi kanisindikiza chooni. Likaniita tena. Safari hii kanisindikiza amenuna.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefeli.

Twiga kapita. Kanitafuta, kanishika bega. Nilitaka aseme nilikwambia, nipate kumchukia. Hakusema.

Nimempigia dada. Kauliza kama nimekula. Basi. Nikalia kama mtoto, nikasingizia mtandao mbovu, nikakata simu.

Jumamosi, 15 Machi

Twiga kahamia bweni la waliovuka. Sikujua chumba hiki ni kikubwa namna hii. Nimeketi kutwa nikijihoji: nilikosea wapi? Lazima kuna kosa, na kosa lazima lirekebishwe, kwa ajili ya dada.

Nimelipata! Siku zilikuwa chache mno. Takwimu si somo la kulaliwa siku mbili tatu. Linataka mwaka mzima. Na mwaka mzima ndio huu niliopewa! Nimesimama katikati ya chumba, mikono kichwani, kwa mshangao. Hakuna jambo linalotokea bure!

Jioni kaletwa mwenzangu mpya, chumba chake kinavuja. Kijana mpole, kitabu cha Takwimu kwapani. Kaniamkia kwa adabu, kaniita kaka, kauliza kama somo hili kweli ni gumu wanavyosema, maana kwao wanamtegemea yeye.

Nilimwonea huruma hata machozi yakanilenga. Nikampokea kitabu, nikakiweka juu ya kabati, nikamtandikia kitanda.