Shingo ya Comtesse

Jumatatu, tarehe 8 Juni 1953

Baridi. Vumbi. Barua yangu imefanya kazi!

Kesho daktari wa mifugo anakuja kupima ng'ombe wote ambao maziwa yao yanauzwa cité, mitaa yetu Waafrika. Mimi ndiye niliyemwandikia, mwezi uliopita, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Nilisema ng'ombe wa jirani yangu Ngosa anatiliwa shaka. Shaka gani, sikusema. Nilisaini: Mkristo Mwema.

Si chuki. Ni afya ya watu. Tena Ngosa amenichukulia wateja watatu tangu Pasaka, mmoja wao fundi cherehani mwenye watoto saba.

Niandike wazi, kwa ajili ya watakaosoma nikiwa sipo. Mimi ni Donat Mwenze, karani mstaafu wa reli. Marehemu baba alitoka kaskazini kuja kuitandika reli hiyo juani. Mimi nilikaa kivulini nikihesabu magunia yaliyopita juu yake. Ukoo unapanda. Sasa nina ng'ombe mmoja wa Kizungu, Comtesse, mweusi na mweupe. Nilimpata wakati muzungu mmoja alipofunga shamba lake akarudi Ubelgiji. Siku ile ile Ngosa alimpata mwenzake, Bijou. Mazizi yetu yanapakana, kwenye barabara ya Karavia. Ngosa ni mwenyeji wa hapa. Babu zake walilima udongo huu kabla ya mgodi, na haipiti wiki bila kunikumbusha. Anasema sisi watu wa kaskazini tunajua karatasi na samaki wakavu tu.

Maziwa yangu ni mabichi. Yana nguvu. Mke wangu Wivine huyachuja jikoni kila asubuhi (anakawia mno, kuchuja tu!), kisha nayapeleka cité ya Kamalondo kwa baiskeli. Juu yanafanya utando mzito kama kitambaa. Nawaonyesha wateja: nguvu yenyewe ndiyo hiyo. Maziwa ya Ngosa hayana utando hata kidogo.

Mpango: Comtesse apite, Bijou aanguke. Kibao nimekwisha kukichora kwa rangi nyekundu: LAIT CONTRÔLÉ, MWENZE. Yaani maziwa yaliyopimwa.

Jumanne, tarehe 9 Juni

Walikuja saa mbili. Daktari muzungu, mrefu, hasemi. Msaidizi wake, infirmier (mwuguzi) Adalbert Kabwe, anasema kwa niaba ya wote wawili.

Walianza kwangu. Walinyoa nywele kidogo kwenye shingo ya Comtesse, wakapima unene wa ngozi kwa chombo kama koleo, wakaandika, wakachoma sindano ndogo. Kwa Bijou vivyo hivyo. Watarudi Ijumaa kusoma. Kusoma nini? Ngozi! Nimesoma vitabu vya reli miaka ishirini na sita. Ngozi hainishindi.

Adalbert alieleza. Ugonjwa wa kifua unawapata ng'ombe pia. Ng'ombe anaweza kunenepa na kung'aa huku anao. Unaingia katika maziwa, na mtoto akiyanywa mabichi anavimba matezi ya shingo, au mifupa inaharibika, au zaidi. Sindano ile ndiyo inayoufichua. Alitugeukia wote wawili:

"Baba, mungoje siku tatu. Hapana kugusa. Siku ya kwanza ngozi inaweza kuvimba bure, kisha inashuka. Lakini ile iko na ugonjwa, inavimba pole pole, na inabakia."

Nilimsikia nusu. Nilikuwa namtazama Ngosa kama ataonyesha hofu. Hakuonyesha. Alikuwa anakula muwa.

Wivine akamwuliza Adalbert maziwa yachemke kiasi gani. Aibu! Nilisema mbele ya wote kwamba maziwa yakichemka yanakufa, na kwamba marehemu baba hakuchemsha maziwa maisha yake yote. Wivine akasema ni kweli, kwa sababu maisha yake yote hakunywa maziwa.

Infirmier alicheka. Ngosa alicheka. Daktari alitafsiriwa, naye akacheka.

Jumatano, tarehe 10 Juni

Balaa! Comtesse amevimba!

Nilikwenda zizini alfajiri. Pale penye sindano pana uvimbe kama karanga yenye ganda. Nilipaka mafuta ya mawese nikasugua. Ukawa kama yai la njiwa. Nikaweka kitambaa cha maji baridi, nikasugua tena kwa nguvu. Yai la kuku. Nikaacha kusugua.

Nilikwenda kwa Ngosa kuomba jembe. Sihitaji jembe. Nilipita karibu na Bijou. Shingo laini kama meza ya ofisi! Hakuna haki duniani.

Nilifikiri nikiwa nimeshika jembe. Mpango mpya ulikuja wenyewe: tubadilishane ng'ombe kabla ya Ijumaa. Ngosa ameutamani wingi wa maziwa ya Comtesse siku zote. Nilimwambia Ngosa kwamba Wivine anataka ng'ombe mtulivu, maana Comtesse anapiga teke ndoo.

Ngosa alitafuna muwa wake muda mrefu.

"Bwana Karani, weye unanipenda tangu lini?"

Nilisema ujirani ni kitu kitakatifu.

"Basi ongeza kinga."

Kinga! Baiskeli yangu! Niliyopewa na wenzangu siku ya kustaafu, yenye taa! Nilikataa. Nikautazama upande wa zizi langu, nikaona Comtesse anageuza shingo yake upande ule mbaya kuja kwetu. Nikakubali haraka.

Mimi niliandika mkataba, kwa kuwa yeye haandiki vizuri. Kifungu cha nne nimekipenda: "Kila mmoja anampokea ng'ombe pamoja na magonjwa yake yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, wala hatarudi kulalamika mpaka siku ya kiama." Katekista Léonard alishuhudia. Ngosa alitia kidole. Maskini. Nilimwonea huruma kidogo, kama dakika moja.

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Bijou yuko zizini kwangu. Nimekwenda Kamalondo kwa miguu na bidoni ya maziwa kichwani, mimi, karani. Njiani Ngosa alinipita kwa baiskeli. Alipiga kengele mara mbili, bila sababu yoyote, barabara ikiwa tupu.

Si kitu. Kesho.

Wateja walisifu maziwa. Utando upo kama kawaida, hata kwa Bijou! Kwa hiyo utando unatokana na mchungaji, si na ng'ombe. Nimelieleza hilo kwa fundi cherehani. Amesema atafikiria kurudi.

Mjukuu wangu Martine, wa miaka minne, anayekaa kwetu wakati mama yake Jeanne yuko Jadotville, alikunywa vikombe viwili. Nilimwambia ni maziwa ya ng'ombe mzima asiye na shaka.

Alasiri nikamkagua Bijou. Kuna kitu shingoni. Kadogo. Nzi amemwuma.

Nikapanda juu ya kichuguu kumtazama Comtesse kule kwa Ngosa. Uvimbe wake umekuwa mdogo. Macho yangu yamechoka. Nitanunua miwani.

Nzi amemwuma Bijou tena pale pale.

Ijumaa, tarehe 12 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Daktari alianza kwa Ngosa. Alipima shingo ya Comtesse mara mbili. Ngozi imerudi ilivyokuwa. Adalbert akatangaza: mzima. Akauliza kwa nini inanuka mawese. Nikaficha mikono mifukoni.

Wakaja kwangu. Daktari hakuhitaji chombo. Uvimbe wa Bijou ulikuwa kama ngumi, wa moto, mgumu. Alimwita Adalbert, wakasema Kifaransa cha haraka. Neno positif nililielewa: anao.

Hapo Adalbert akafungua daftari lake, akasema ng'ombe hawa wamebadilisha mazizi. Nikaiona nafasi yangu! Nikasema kwa sauti kwamba sheria inamtazama mwenye ng'ombe wa siku ya sindano, na siku ya sindano Bijou alikuwa wa Ngosa, basi kila kitu kirudi mahali pake, baiskeli kwanza.

Ngosa akatoa mkataba ndani ya kofia yake. Kumbe kusoma anajua! Alisoma kifungu cha nne taratibu, neno kwa neno, na alipofika kwenye siku ya kiama alirudia. Adalbert alimtafsiria daktari. Daktari aliomba auone mwandiko. Akasema ni kazi safi.

Bijou ametobolewa sikio kwa alama. Atakwenda machinjioni chini ya ulinzi. Maziwa ya asubuhi yalimwagwa mbele yangu.

Kisha Adalbert akauliza ni nani waliokunywa maziwa ya Bijou nyumbani kwangu, na kama yalichemshwa.

Nilimwona Martine mlangoni, na masharubu ya maziwa ya juzi, au ya jana, sijui. Vikombe viwili. Mimi ndiye niliyemshikia kikombe. Nikakaa juu ya ndoo. Nilisema: mabichi. Siku zote mabichi. Ni kosa langu.

Wivine akasema: "Hapana."

Akasema anachemsha. Amechemsha kila lita tangu siku tulipomleta ng'ombe nyumbani, kisha anaiweka bidoni ndani ya karai la maji ipoe. Kuchuja kunachukua dakika mbili, alisema. Mtu yeyote aliyewahi kuchuja anajua. Na ule utando ambao Baba Jeanne anawaonyesha watu ni utando wa maziwa yaliyochemka.

Miezi kumi na minne! Nimeuza maziwa yaliyokufa kwa watu wote wa Kamalondo, nikiwahubiria nguvu yake! Adalbert alimshika Wivine mkono kama anavyoshikwa mkono bibi wa mkubwa. Mimi nilibaki juu ya ndoo. Nilitaka kukasirika. Hasira haikuja. Nilimwita Martine nikampakata. Alisema nanuka ng'ombe.

Ngosa alikuwa bado anacheka. Adalbert akamgeukia, akamwuliza swali lile lile. Kwako mulichemsha? Ngosa akasema mke wake hana wakati wa mambo hayo. Akaanza kucheka tena, kisha akaacha. Akasema, pole pole, kwamba mjukuu wake Simone ana kitu chini ya taya tangu wakati wa mvua. Wanamfunga majani. Haumii.

Adalbert akamwambia amlete.

Msichana wa miaka sita. Nimemwona mara mia akipita na kitambaa shingoni. Nilidhani ni urembo.

Jumamosi, tarehe 13 Juni

Asubuhi Ngosa alipita kwenda lopitali. Simone alikuwa mbele juu ya chuma cha baiskeli, amefunikwa koti la babu yake. Ngosa hakupiga kengele.

Nilikuwa nimejiandaa kudai baiskeli yangu. Nilikuwa na hoja tatu. Nilisimama pale barabarani nazo. Wakapita.

Maziwa hakuna. Kazi hakuna. Kibao nimekigeuza ukutani.

Jumatatu, tarehe 15 Juni

Ngosa alikuja kwetu. Hakukaa. Alishika kofia kwa mikono miwili.

Waganga wa lopitali wamesema matezi ya Simone ni ugonjwa ule ule, na maziwa ndiyo wanayoyashuku. Watamchoma sindano wiki nyingi. Lakini haujashuka kifuani. Wamesema atapona, kwa sababu ameletwa mapema.

Kisha akasema amesikia kwa Adalbert kwamba daktari hakuja bure, aliandikiwa barua.

"Sijui aliyeandika. Pengine alikuwa na roho mubaya. Lakini Mungu amuongezee miaka. Bila yeye tungeendelea kufunga majani."

Nilifungua kinywa. Wivine alinitazama. Nilikifunga. Nikakifungua tena, nikasema tu kwamba nadhani mwandishi ni mtu mwenye elimu, na pengine mwenye uzoefu wa ofisi.

Ngosa akafikiri. Akasema basi ni katekista Léonard.

Jioni alimpelekea Léonard kuku jike. Léonard alimpokea! Hakuuliza ni wa nini! Nimeona kwa macho yangu akimbeba kwa miguu, akitabasamu kama mtakatifu.

Ngosa atatuletea bidoni ndogo ya maziwa ya Comtesse kila asubuhi, kwa ajili ya Martine. Mke wake sasa anachemsha. Wivine alikwenda kumwonyesha. Baiskeli haikutajwa na yeyote.

Jumatano, tarehe 17 Juni

Nimetulia. Nimetafakari siku mbili. Nimeona kosa langu na naliandika hapa bila kujificha.

Nilichelewa.

Sindano ilichomwa Jumanne asubuhi. Mimi nikalala usingizi, nikatazama shingo Jumatano! Mtu makini angetazama Jumanne mchana, akaamua pale pale. Kosa la pili: mkataba ulikuwa mfupi. Vifungu sita tu. Ningeweka kumi na viwili, Ngosa angechoka kabla ya kufika cha nne.

Mungu hamwachi anayejitafakari. Leo nilikutana na mtu karibu na stesheni, mgeni mwenye haraka, akiwa na ng'ombe wa rangi ya kahawia. Anataka kumwacha leo leo kabla daktari hajafika upande wao, kwa sababu hapendi usumbufu wa sindano. Ninamwelewa sana. Karatasi hana, lakini ana uso wa kweli. Tumebadilishana kwa saa yangu ya ukutani, mkataba wa vifungu kumi na viwili. Alitia sahihi bila kusoma hata kimoja! Amekwisha kuondoka. Alikuwa anakimbia.

Ng'ombe ni mwembamba. Wembamba ni dalili ya damu safi. Ana macho ya huruma, na anasimama kimya kabisa akikamuliwa, hata kichwa hainui. Nimempa jina Princesse.

Anakohoa kidogo. Ni vumbi la Juni.