Bakteria Wasioripoti Kazini

Kwa Shemeji,
Duka la Samaki wa Mapambo,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.

Ndugu Shemeji,

YAH: BAKTERIA WAKO KUTORIPOTI KAZINI KWANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na matangi yako yote. Sisi hapa tu wazima, isipokuwa tangi langu, ambalo leo ni siku ya kumi na nne limesimama sebuleni lina maji, mawe, taa na pampu inayotoa povu kwa bidii, bila samaki hata mmoja. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu huwa unacheka. Dada yako naye anacheka, lakini yeye ni mke wangu na nimeshamzoea.

Kabla ya malalamiko, nikukumbushe sababu. Mjukuu wetu anakuja Jumamosi kwa likizo ya wiki sita. Safari iliyopita alikaa siku mbili tu, akampigia mama yake simu aje kumchukua. Alisema nyumba ya Babu inanuka hospitali na haina kitu cha kugusa. Nilisimama getini nikaliangalia gari mpaka likakata kona, na mtoto hakugeuka. Iliniuma, Shemeji, na bado inaniuma. Ndipo nikamwahidi samaki wanane wenye mikia myekundu. Sasa malalamiko yenyewe.

KWANZA. Uliniuzia tangi, kisha ukagoma kuniuzia samaki. Ulisema maji hayajakomaa. Nina miaka sitini na sita, nimeona maembe yakikomaa na watu wazima wakikataa kukomaa, lakini maji bado. Ni sawa na kumuuzia mtu kiti na kumkataza kukikalia mpaka kiti kiizoee nyumba.

PILI. Ulinielekeza nitie chakula cha samaki kidogo kila asubuhi katika tangi lisilo na samaki, kioze, kitoe amonia, ili bakteria wapate cha kula. Nimefanya hivyo bila kukosa. Juzi fundi bomba aliyekuja kutengeneza sinki alinikuta nimeinama, nikiyanyunyizia maji chakula huku nikiyahimiza. Alikwenda jikoni akamuuliza dada yako, kwa sauti ya chini, hali hii ilinianza lini.

TATU, na hili ndilo zito. Unajua fika kwamba nilikuwa Bwana Afya kwa miaka thelathini na mmoja. Nimefunga mabucha mawili na mkahawa wa rafiki yangu mwenyewe kwa sababu ya bakteria. Nikiingia jikoni, wapishi walikuwa wanaficha matambaa. Leo nimestaafu kwa heshima zangu, wewe unataka niwafuge hao hao, niwapashie maji joto, niwapulizie hewa na kuwaandalia kifungua kinywa. Ni kumwambia askari mstaafu awapangishe wezi chumba cha uani. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama mpaka kiuno kinalia.

NNE. Utaratibu wao wa kazi. Kwa maelezo yako, lipo kundi la kwanza linalokula amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa samaki. Yaani linapomaliza kazi, tatizo liko palepale, limebadilishiwa jina tu. Kisha lipo kundi la pili, ambalo linaigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki wanaweza kuivumilia ilimradi nibadilishe maji mara kwa mara. Kundi hili la pili halionekani kazini mpaka la kwanza lilundike mafaili mezani kwake. Nimefanya kazi ofisini, Shemeji, na utaratibu huu sikuuona kwako kwa mara ya kwanza. Ila hata kule kwetu kulikuwa na daftari la mahudhurio.

TANO. Limefutwa. Dada yako amelisoma na kusema si la kumwandikia ndugu wa mtu.

SITA. Kile kipande cha sifongo. Nilipokulilia kwamba wiki sita za kungoja maji yakomae ni nyingi, ulinikatia kipande kutoka kwenye chujio la tangi lako kuukuu, cheusi, kinateleza, kina harufu ya mtaro. Ukakifunga kwenye mfuko wenye maji na kunihakikishia kwamba kimebeba bakteria kwa mamilioni, nikitie kwenye chujio langu, na siku kumi hazitapita kabla maji hayajawa tayari. Nilikitia siku ileile. Tangu hapo napima kila asubuhi kwa matone uliyonipa. Amonia, kijani iliyokolea, yaani imejaa tele. Nitriti, hakuna. Nitrati, hakuna. Mamilioni ya bakteria, na hata mmoja hajafungua mdomo. Naona umenisukumia wale wavivu uliotaka kuwaondoa kwako kwa muda mrefu, nami nimekuwa jalala lako.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima ya undugu wetu:

(a) Unithibitishie kwa maandishi kwamba bakteria hao walitoka kwako wakiwa wazima na wenye nia ya kufanya kazi.

(b) Uje mwenyewe Ijumaa uwasimamie. Mimi hawanijui, wewe wamekuzoea.

(c) Yote hayo yakishindikana, uniazime samaki mmoja wa kukaimu. Akae ndani ya tangi Jumamosi, pale tu mtoto anapoingia mlangoni, na jioni nitamrudisha kwako. Nitamsainia.

Nisipopata jibu kufikia Ijumaa nitavaa koti langu jeupe na kuja kulikagua duka lako. Najua sina mamlaka tena, lakini koti bado linanitosha.

Msalimie mkeo, wanao wote, na yule samaki mkubwa wa karibu na mlango ambaye hunikazia macho kama ananidai. Bakteria wako wanaofanya kazi nao uwafikishie salamu zangu.

Ni mimi shemeji yako,
Mwenye maji mabichi.

NYONGEZA. Barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha. Dada yako ameniuliza kama kwenye kipengele cha sita nimeeleza kwamba kabla ya kukitia kile kipande cha sifongo kwenye chujio nilikichemsha dakika ishirini, kwenye sufuria yake ya maziwa, kisha nikakisuuza kwa maji ya bomba yenye klorini. Sikueleza. Sikuona kama ni jambo la kueleza, kwani kitu chochote kikitoka nje kuingia nyumbani kwangu huchemshwa. Sasa naambiwa wafanyakazi walifika siku ileile waliyotumwa, na aliyewapokea ni mimi. Nisamehe kwa ile habari ya uvivu.

Hata hivyo usinikatie kipande kingine. Mjukuu amepiga simu sasa hivi. Nilimwambia ukweli, kwamba Babu ameharibu, tangi ni tupu, na samaki huenda wakachukua wiki sita nyingine. Nilijua atasema haji. Badala yake akasema, "Basi siondoki mpaka waje. Na usipime bila mimi." Hivi ninavyoandika, mama yake anamfungia nguo za likizo nzima.

Kwa hiyo futa (a), (b) na (c). Jumamosi njoo unywe chai, lakini uje mikono mitupu. Ukija na samaki, au na sifongo chafu mfukoni, hupiti getini. Na kama ipo njia ya kuwachelewesha hao bakteria walau wiki mbili zaidi, nielekeze upesi. Mimi nipo tayari kuchemsha.