Hotuba ya Ufunguzi wa Jumba la Kupozea Chai

Nilikaa mbele kabisa, kikapu cha majani mapajani, ndiyo maana niliyasikia yote, na sauti ya Mkurugenzi naweza kuiiga, marehemu mume wangu alikuwa akiniita kasuku. Tulikuwa tumeambiwa majani ya asubuhi tusiyaanike majumbani, tuyalete yote hapa, mashine zitayapoza saa nane kamili. Jumba lenyewe tuliliona kule mbali, jeupe, nyuma ya kamba nyekundu. Saa tisa na nusu ndiyo Mkurugenzi wa wilaya, Ke, akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa Katibu, Mheshimiwa Naibu Katibu, Mheshimiwa Msaidizi wa Naibu Katibu ambaye amepata udhuru lakini koti lake lipo pale kitini, wadau wote wa sekta ya chai, na ninyi wananchi mliosimama! (Makofi. Mengi ya koti.) Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao, kwa mujibu wa tathmini ya ofisi yangu mwenyewe, hauna mfano katika wilaya hii, kuwaeleza kwamba chai yetu ya oolong imethibitishwa kuwa na ladha arobaini na mbili, zikiwemo ya okidi, ya pichi, ya maziwa na ya njugu za kuchoma, na nyingine thelathini na nane zipo kwenye mchakato! (Suzhen, mke wa mwanangu, akatia mkono kikapuni. "Mama, yanapata moto haya." Nikamwambia, "Yageuze, mwanangu, taratibu, usiyavunje. Atachoka tu." Hakuchoka.)

"Kuhusu asili, mnahadithiana eti chai hii ilianza kwa mwindaji aliyemkimbiza paa akayasahau majani mgongoni, yakanyauka. Uzembe! Nimeunda kamati ya watu tisa kuitafutia asili yenye hadhi, na mimi nimekubali, baada ya kujiomba sana, kuwa mwenyekiti. (Makofi ya watu tisa.)

"Kuhusu upikaji, nimebaini ubadhirifu! Birika moja dogo linamiminwa mara saba, na yale maji ya kwanza mnayamwaga. Moja ya saba, ndugu zangu, ni hasara ya asilimia kumi na nne! Kuanzia leo ni marufuku kumwaga maji ya kwanza! (Hapo mzee Chuntian akashindwa kujizuia: "Basi ayanywe yeye! Miaka thelathini nimeikanyaga chai hiyo kwenye gunia kwa miguu hii hii!" Watu wakacheka mpaka vikapu vikatikisika. Ni kweli, tulikuwa tunaiviringisha kwa miguu, na Chuntian kuoga hapendi. Lakini mimi sikucheka sana, mkono wangu ulikuwa ndani ya majani. Kingo zilishaanza kuwa nyekundu, na wekundu huo ukifika katikati ya jani, si oolong tena, ni chai nyeusi ya kawaida, na mavuno ya masika ndiyo riziki ya mwaka mzima.)

"Na sasa jumba! Kilo elfu kumi kwa siku, ubaridi wa kidijitali, ajira mia tatu, na choo cha wageni! (Suzhen akapaza sauti: "Mheshimiwa, tufungulie basi, majani yanaungua!") Subira, dada, maendeleo yana itifaki! Semeni nami: Jani moja, lengo moja! Pozeni chai, chemsheni uchumi! (Koti halikusema kitu. Sisi tuligeuza majani.)

"Mwisho, shukrani za dhati kwa fundi wetu wa rangi kutoka mjini, aliyelichora jumba hili kwenye turubai kwa ustadi hata madirisha yanang'aa. Mpiga picha akimaliza, likunjwe polepole, kesho linafunguliwa kijiji cha jirani. Asanteni sana!"

(Nikasimama. "Suzhen, shika pembe ile." Tukaipita kamba, nyuma yetu wanawake wote, tukavuta, misumari ikaruka, jumba likashuka. Tukalilaza kivulini, upande wa rangi chini, maana chai hunyonya kila harufu, tukamwaga vikapu, tukatandaza majani, tabaka jembamba kama shuka. Mkurugenzi akaja mbio na viatu vyake vinavyong'aa, "Mama, mama, hiyo ni mali ya wilaya!" Nikamwambia, "Jumba limefunguliwa, mheshimiwa. Vua viatu kabla hujaingia.")