Mkataba Ulionuka Njugu

Njugu za Mama Peres zilikuwa moto, na Maxwell Obuya alikuwa na njaa ya kutosha kusoma hata karatasi iliyozifunga.

Watu wengine hupata bahati yao kwa maombi, wengine kwa mjomba aliye wizarani. Maxwell aliipata ya kwake chini kabisa ya koni ya njugu karanga, kando ya barabara ya Argwings Kodhek pale Hurlingham, katikati ya chumvi na maganda. Karatasi ilikuwa imeandikwa: MKATABA WA MKOPO WA GARI, JONGEA MIKOPO. Kisha jina la mtu, namba ya simu, namba ya gari, na doa la mafuta mahali pa tarehe.

Akaacha kutafuna.

Wiki hiyo redio zote zilikuwa zikiimba wimbo mmoja. Jongea Mikopo, kampuni ile ile iliyokopesha watu magari kwa riba ya kumvua mtu shati, eti imeona haya. Wateja wote wa zamani watalipwa fidia. Njoo na mkataba wako halisi, njoo na gari lenyewe likaguliwe, uondoke na hundi. Mji mzima ulikuwa unapindua magodoro ukitafuta makaratasi. Na ni nani anayeweka karatasi Nairobi? Ukihama usiku kumkwepa mwenye nyumba unabeba meko, unabeba televisheni, unabeba watoto. Karatasi inabaki na kunguni.

Sasa, huyu Maxwell. Kadi yake ilisema yeye ni Wakili, Mshauri wa Madai. Chuo cha sheria alikijua vizuri, maana aliwahi kuuza soksi langoni pake. Ofisi yake ilikuwa kiti cha nyuma cha Premio nyeupe. Mteja anaingia, mlango unajifunga taratibu, kiyoyozi kinapuliza, na mtu aliyekuja na shaka anatoka bila shaka na bila pesa. Bila ile Premio, Maxwell alikuwa mtu mwembamba mwenye suti moja. Ndiyo maana kila jioni aliipeleka kulala Muthangari, nyuma ya nyumba ya shangazi yake, chini ya turubai. Maana hiyo nayo ilikuwa ya mkopo. Mkopo wa Jongea. Mwezi wa kwanza alilipa kwa heshima, wa pili kwa uchungu, wa tatu akabadilisha namba ya simu.

"Mathe," akasema, akiikunja ile karatasi polepole kama noti, "hizi karatasi unatoa wapi?"

"Kwani njugu hazijaiva?"

"Zimeiva. Nauliza karatasi."

"Kuna ofisi ilihama huko tao, mlinzi wao akaniuzia kwa kilo. Niko na gunia mzima, si ndio hii nimekalia?" Mama Peres akapigapiga gunia kama mtu anayesifu ng'ombe. "Hii si kama gazeti, haiachi wino kwa njugu. Unataka ya nini?"

"Niko na vifaranga. Nataka kuwatandikia."

"Vifaranga."

"Kwa shangazi, Muthangari."

"Na hao vifaranga wamefika darasa la ngapi, ndio unawasomea kwanza?"

Maxwell akacheka, kwa sababu mjanja akikamatwa hucheka. Akamwaga ukweli kidogo, kama mtu anayemwaga chai ya kwanza kuosha kikombe. "Mathe, Jongea wanarudishia watu pesa. Si umesikia redio?"

Mama Peres akaacha kukaanga.

"Skiza, mtoto wa Obuya. Mimi ni wa Budalang'i. Kwetu kuna mto, na mto una mamba. Huyo mamba alikula mbuzi ya baba yangu, akakula mbwa ya jirani, akakula ndara ya chifu na mguu ukiwa ndani. Mpaka leo sijaskia ametapika. Hawa wakubwa ni hivyo hivyo. Ukiona amefungua mdomo, usidhani anarudisha."

"Hiyo ni mamba, mathe. Hii ni kampuni."

"Sawa basi. Vifaranga ni vyako." Akataja bei iliyomfanya Maxwell aiheshimu biashara ya njugu kwa mara ya kwanza maishani. Akalipa. Mama Peres akamsaidia kupakia karatasi kwenye buti la gari, mikono miwili miwili, huku akiimba wimbo wa kanisa.

Hapa msomaji atauliza kwa nini mtu mwerevu kama Maxwell hakujiuliza swali dogo tu: tangu lini? Tangu lini kampuni kubwa katika nchi hii ikarudisha chochote kwa hiari yake? Barabara wamekula, dawa za hospitali wamekula, mahindi ya njaa wamekula na magunia yake. Lakini mjanja ana ugonjwa wake. Anashuku kila mtu isipokuwa yule anayemwahidi pesa.

Alipoketi kuzipanga karatasi, ya kwanza kushika ilikuwa yake mwenyewe. Maxwell Obuya, Premio nyeupe, sahihi yenye mkia mrefu. Machozi yalimlengalenga. Kwa mara ya kwanza alikuwa na haki halali ya kitu, na tena kwa maandishi. Akaifuta chumvi, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Zilizobaki akaanza kuzipigia simu.

"Shemasi Were? Wakili Maxwell hapa. Naomba usikate. Ni kuhusu Harrier yako."

Shemasi Were wa Kileleshwa aliwahi kusimama mbele ya kanisa zima akashuhudia kwamba Bwana alimpa lile gari jeusi bila deni hata la ndururu. Kwaya ilimwimbia. Kuanzia hapo gari lilikaa ghorofa ya chini kabisa ya maegesho, limefunikwa, na shemasi akawa mtu wa kupenda kutembea kwa miguu kwa ajili ya afya.

"Harrier gani?" akanong'ona.

"Ile Bwana alikupa kwa awamu."

Jioni hiyo hiyo shemasi alikuwa kiti cha nyuma cha Premio, kiyoyozi kikimpuliza upara.

"Faili lako liko chini ya ardhi," Maxwell akamweleza kwa huzuni. "Chumba cha chuma. Karani anayeshika ufunguo ana watoto wengi, na wote wako shule za kulipa."

"Si kampuni inatoa fidia? Mbona wafiche mafaili?"

"Shemasi, wewe ni mtu mzima. Serikali hutoa dawa bure?"

"Inatoa."

"Na ukienda unaipata?"

Were akafikiri, akatoa simu, akatuma pesa. Hoja hiyo haijawahi kushindwa katika nchi hii. Kesho yake akakabidhiwa mkataba wake ndani ya bahasha. Akaufungua, akaunusa.

"Wakili, mbona inanuka njugu?"

"Hiyo ni dawa ya mchwa. Ndiyo wanatumia huko chini."

"Ajabu. Inaleta njaa."

Hivyo ndivyo Maxwell alivyofanya wiki nzima, kutoka Hurlingham mpaka Kileleshwa. Kila mteja alikuwa na gari mafichoni na hadithi ya jinsi alivyolipata. Nusu ya malipo walitoa papo hapo. Nusu nyingine wangempa hundi zikishatoka, na ndiyo maana siku ya fidia Maxwell aliosha Premio yake, akavaa ile suti, akaenda kusimamia mavuno. Na kuvuna ya kwake.

Uwanja wa Jongea ulikuwa upande wa Kirinyaga Road, ukuta mrefu, geti moja. Ndani palikuwa na mahema, viti vyenye vitambaa vyeupe, soda baridi na muziki wa injili. Msichana mwenye tabasamu aliwapokea langoni, akapiga picha kila mkataba kwa simu, akaomba funguo za gari kwa ajili ya ukaguzi, akawapa soda.

"Wakili! Wakili!" wateja wakamshangilia Maxwell. Were akamkumbatia. "Mungu akubariki. Leo nimekuja nikiendesha mchana, peupe!"

Muziki ukazimwa. Akapanda jukwaani mwanaume mnene mwenye kofia ya kijani.

"Mabibi na mabwana, Jongea inawashukuru sana. Tumewatafuta hata tukachoka. Tulipohama ofisi, mlinzi fulani aliuza mafaili yetu, na sheria inasema dalali anayekamata gari bila mkataba ni mwizi tu kama mwizi mwingine. Polisi wanamkamata. Lakini leo, kwa mikono yenu wenyewe, mmetuletea." Akavua kofia kwa heshima. "Mimi naitwa Ndegwa. Ni dalali wa mnada."

Geti likafungwa. Minyororo ikaanza kulia kwenye magurudumu.

"Na fidia?" Were akapiga kelele. "Redio ilisema fidia!"

"Mmepata. Riba iliyozidi tumeitoa kwenye deni. Sasa mnadaiwa kidogo zaidi. Makofi tafadhali."

Sheria ilikuwa upande wake. Sheria ya nchi hii ni kama ng'ombe mzee, hulala penye kivuli.

Maxwell aliiona Premio yake ikifungwa mnyororo. Aliona ofisi, kiyoyozi, uwakili, maisha yake yote yakivutwa taratibu. Akakumbuka mfuko wa ndani. Bila mkataba, dalali ni mwizi! Akauchomoa ule mkataba, akaukunja, akautia mdomoni wote, akaanza kutafuna mbele ya umma.

Alitafuna kichwa cha barua, akatafuna masharti, akapambana na sahihi yake yenye mkia mrefu mpaka ikashuka. Kwa kweli, haikuwa mbaya. Ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Ndegwa alimsubiri kwa adabu. "Maji, wakili?"

Maxwell akatikisa kichwa, akameza, akainua mikono mitupu kama bondia. "Sasa onyesha mkataba!"

"Upo. Ulipigwa picha pale mlangoni ukiwa bado mzima."

Hapo wateja wakaanza kumgeukia, mmoja mmoja. Were alikuwa ananusa vidole vyake.

"Wakili," akasema polepole, "sisi karatasi tulikuwa tumepoteza. Gari zetu zilikuwa salama. Ni nani alituletea hizi karatasi?"

Maxwell hakungoja kikao kiamue. Aliruka ukuta. Koti la suti lilibaki mikononi mwa shemasi, likinuka dawa ya mchwa.

Kutoka Kirinyaga Road mpaka Hurlingham ni mwendo kwa mtu asiyezoea kutembea. Alipofika, jua limemkausha, alikuta kitu cha ajabu. Mbele ya jiko la Mama Peres magari yalikuwa yamejipanga. Prado, Mark X, Subaru ya mwalimu mkuu. Dereva anashusha kioo, anatoa noti nene, anapokea koni moja ya njugu, anaifungua, anasoma jina lake, kisha anaiingiza karatasi kwenye makaa ya jiko na kuomba maji ya kunawa. Wengine walitoa machozi.

"Mathe," Maxwell akasema kwa sauti iliyopasuka, "si nilinunua gunia lote?"

"Ulinunua ya juu. Ya chini nilirudi nikaikalia." Mama Peres alipokea noti nyingine bila kuinua macho. "Nikajiuliza, kama mamba anatafuta hii karatasi hivi, si mwenye mbuzi ataitaka zaidi? Nikawapigia simu. Namba si ziko hapo?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia hatapiki. Kazi ni kutoa mbuzi kabla hajafunga mdomo. Wewe ukamsaidia kuufunga." Akamtazama kwa mara ya kwanza, shati limeraruka, kipande cha karatasi kimekwama menoni. Moyo ukamlegea. "Umekula?"

"Nimekula mkataba."

"Haya, kuja. Ya leo ni bure."

Maxwell akasogea, akangojea koni yake. Mama Peres akachota njugu za moto kwa kikombe, akaangalia bunda la karatasi lililobaki pembeni yake, akaangalia Prado nyingine ikiegeshwa, akatikisa kichwa.

"Wewe leta mkono tu," akasema. "Karatasi imepanda bei."