Goji Tatu kwenye Tuta la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kasafiri asubuhi. Kaenda kwa dada yake, atakaa mwezi mzima. Nimembebea begi hadi kituoni. Zito! Nadhani huwa anatia mawe ili kunipima. Magoti yake yanamsumbua, ngazi za gari kazipanda akinishika bega na kunikumbusha tuta lake la mboga nyuma ya nyumba. Mchicha, bamia, vitunguu. Nimwagilie kila jioni. Nimemwambia aende salama, tuta liko mikononi mwangu. Kanitazama mikono.

Dukani leo kumetokea jambo. Kazi yangu ni kukaza skrubu za miwani na kumwambia mteja kwamba imempendeza. Kaja mama mmoja mwenye lenzi nene kama kitako cha chupa. Wakati nakaza skrubu yake, yeye anatafuna vitu vyekundu vilivyokauka, kama zabibu zilizokasirika. Nikamuuliza. Beri za goji, akasema. Watu wanazisifia kwa macho. Ni ghali, akaongeza, lakini mti wenyewe unaota popote.

Popote! Nyuma ya nyumba yangu ni popote.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata vichaka vitatu kwa muuza miche wa kando ya barabara. Vinanifika kiunoni. Vina maua ya zambarau, miiba kiasi, na vitunda vichache vya kijani. Muuza miche kanipa hotuba. Mti huu hautaki maji mengi. Hautaki mbolea nyingi. Uache kwenye ndoo, maana ukiuweka ardhini mizizi yake itatembea. Nimeitikia kila kitu. Moyoni nimejua: huyu hataki wateja wake wafanikiwe, wakifanikiwa hawarudi kununua. Mimi si mtoto.

Jua zuri linapiga sehemu moja tu. Tuta la mama mkwe.

Mke wangu kasimama mlangoni na ufagio mkononi. Kauliza kama nimemwomba mama ruhusa. Nimemjibu kwamba nataka kumshtua kwa zawadi. Kasema kushtuka atashtuka. Karudi ndani. Mke wangu ni mtu wa maneno machache, na mengi yao yananihusu mimi.

Mchicha umeng'oka bila ubishi. Bamia zimepigana.

Jumamosi, 8 Machi

Jirani yangu anaitwa Kamanda. Alikuwa mlinzi wa ghala, cheo amejipa mwenyewe baada ya kustaafu. Huweka kigoda kwenye upande wake wa ukuta, akapanda juu, akakagua maisha yetu. Leo kauliza ninapanda nini. Nikasema goji.

"Ya goti?"

"Goji!"

"Ndiyo. Goti. Hata mimi la kushoto linaniua."

Sikio lake moja halifanyi kazi, na la pili hufanya likijisikia. Kabla sijamsahihisha alikuwa ameshashuka. Jioni fundi viatu wa kona kanisimamisha. Kauliza dawa yangu ya magoti inapakwa au inanywewa.

Nimelitafakari. Uongo si wangu. Umeletwa tu uwanjani kwangu. Nikamjibu kwamba bado tunachunguza.

Nimeongeza samadi ya kuku. Gunia zima. Tuone sasa huyo muuza miche atasema nini.

Jumatatu, 17 Machi

Siku mbaya.

Nilibeba tawi moja, na miiba yake yote, kwenda nalo dukani, kwenye mfuko wa karatasi. Mpango: mteja akivua miwani, namwonyesha tawi, namwambia ajiandikishe mapema kununua beri. Bora nisingeliweka mfuko kwenye kiti cha mwenye duka. Ni mtu mnene na hukaa kwa imani.

Nimehamishiwa stoo. Kazi yangu kwa sasa ni kufuta vumbi kwenye vikasha vya miwani. Mwenye duka anahudumia wateja akiwa amesimama.

Nyumbani vichaka vina majani makubwa ya kung'aa. Maua yamedondoka yote. Mke wangu kasema samadi imezidi, maana hata nguo kambani zinanuka banda. Nikamweleza kwamba mti ukidondosha maua unajikusanyia nguvu. Kaniuliza nimejifunza wapi. Nikabadilisha mazungumzo.

Jumanne, 25 Machi

Beri moja imeiva! Moja tu, lakini nyekundu hasa, ya kung'aa kama taa ya pikipiki. Vile vitunda vingine vimenyauka. Haidhuru. Kila shamba lina mwanzo.

Nilikimbia ndani kumwita mke wangu aje ashuhudie. Alikuwa anaosha vyombo. Kasema anakuja. Nikasema aje sasa hivi. Kajifuta mikono polepole, kidole kwa kidole. Tulipotoka, Kamanda alikuwa juu ya kigoda, mkono umevuka ukuta, mdomo unatafuna.

Nikamuuliza amekula nini. Kasema dawa. Kisha akashuka kigodani, akapanda tena, akashuka, akapanda, akatangazia mtaa mzima kwamba goti halijalia hata kidogo.

Mke wangu kacheka mpaka kakaa kwenye ngazi. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumapili, 30 Machi

Watu getini tangu kifungua kinywa. Wazee kwa vijana, mmoja na mkongojo. Wanataka beri. Hakuna beri. Basi wanataka majani. Nimewaambia huu mti ni wa macho. Fundi viatu kasema nawaficha. Kamanda, ambaye hakuitwa, kawapanga mstari.

Nimefunga geti. Nimewachungulia kwa dirisha la jikoni. Kuna raha fulani kusubiriwa na watu wengi namna ile. Sikutarajia.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama mkwe karudi.

Nilikuwa nimepanga kumpokea kituoni, kumpitisha sokoni, kumchosha, ili afike na kulala. Alikuja na gari la mapema. Nilipotoka kazini nimemkuta amesimama mbele ya tuta lake, begi bado begani, kitambaa cha kichwa kimelegea. Mke wangu yuko pembeni anaangalia mawingu. Mawingu hayakuwepo.

Nikamsalimu. Shikamoo yenyewe ilitoka vipande vipande.

Hapo ndipo Kamanda akaibuka juu ya ukuta. Kamwambia mama asikasirike, ana bahati kubwa. Mkwe wake kang'oa mboga ili kumpandia dawa ya magoti. Mtaa wote unajua!

Mama mkwe kanitazama. Macho yakamjaa machozi. Kanishika mkono, kasema hajui aseme nini. Kisha kaingia ndani.

Mke wangu kaninong'oneza kwamba nitamwambia mama ukweli mwenyewe, la sivyo atamwambia yeye. Nimeuliza ukweli upi. Kaondoka.

Kuna kitu kimenikaa kifuani tangu jioni. Nadhani ni maharage.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku mbili hizi mama mkwe kanitendea kama mtoto wa kumzaa. Ananipa nyama kubwa. Ananiita baba. Kila asubuhi anakwenda kwenye vichaka, anaegemea fimbo, anavitazama. Vichaka vyenyewe vimeanza kugeuka manjano kuanzia chini. Samadi.

Leo nimeshindwa. Si kwa sababu ya mke wangu. Lile jambo la kifuani halikuwa maharage. Nimemfuata mama bustanini, nikasema kuna kitu kuhusu ile miti.

"Si ya magoti," akasema.

Nikauliza amejuaje.

"Ni goji, baba. Ya macho. Dada yangu anazitafuna kutwa. Nimekaa naye mwezi mzima, magoti yake mabovu kuliko yangu, na miwani bado anaitafuta ikiwa usoni."

Nikamuuliza, kama alijua, juzi alilia nini.

"Nilikuwa naulilia mchicha wangu."

Kisha kachomoa kwenye mfuko wa gauni kifurushi cha mbegu za mchicha. Katoka nacho kwa dada yake. Kanionyesha udongo kwa fimbo.

"Haya. Piga magoti."

Nimepiga. Nimechimbua vichaka, nimezoa samadi, nimelainisha udongo, nimepanda mistari na kufukia. Yeye kaketi kwenye kiti akinielekeza. Mstari umepinda, rudia. Kina kimezidi, rudia. Mke wangu kaleta chai. Moja. Ya mama.

Vichaka vimeombwa na Kamanda. Nimevirusha upande wa pili wa ukuta kwa furaha. Vimfie yeye.

Jumapili, 25 Mei

Muda umepita, sikuwa na la kuandika. Mwenye duka anakaa tena, na mimi nimerudi kaunta. Mchicha umeota, tumeshaula mara kadhaa. Mama mkwe huniwekea sahani yangu na kusema huu ni wa magoti yangu mwenyewe. Husema hivyo kila mara. Kila mara mke wangu hucheka.

Goji za Kamanda zimejaa beri. Kazitupa kwenye ndoo mbovu, kwenye udongo wa hovyo, hazinyweshi maji mpaka akumbuke, na hakumbuki. Nyekundu tupu! Kanigawia kikombe. Nimekula nikimtazama. Hazina utamu wowote wa ajabu.

Nimekaa chini nikatafuta kosa langu lilikuwa wapi, kwa haki, bila kujipendelea. Nimeliona. Nilichagua mmea. Mmea unakaa mahali pamoja, kila mtu anauona, kila mtu anausemea. Nilihitaji kitu cha kukaa ndani.

Juzi kaja mteja kutengeneza fremu, anafuga konokono. Hawapigi kelele. Hawanuki. Wanataka kivuli, unyevu na utulivu tu. Kanipa maelekezo marefu ya chakula na vizimba, mengine nimeyasikia.

Wanafika Jumanne. Nimewaambia wa nyumbani kwamba bafu lina hitilafu ndogo.