Ombi la Kushushwa Alama kwa Somo Lililoniua

Dolna Krusha, 14 Machi

Kwa Bi. Radostina Peneva,
Mkaguzi wa Madarasa ya Kompyuta kwa Wazee

Ndugu Mkaguzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi pia ni mzima, na hicho ndicho kiini cha malalamiko yangu.

Alhamisi iliyopita ulikaa nyuma ya darasa letu, katika nyumba ya kusomea ya kijiji, na fomu yako ya kupima jinsi teknolojia ilivyoingizwa katika somo. Mwalimu Zhivka Tonkova alituuliza sisi wanafunzi, wastani wa umri miaka sabini na minne, ni maandishi gani tunayahitaji zaidi. Tulijibu kwa sauti moja: matangazo ya vifo, yale tunayobandika malangoni na kwenye kituo cha basi. Tukajifunza kupanga maneno, kuweka picha na kuchapa. Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwandika jirani, kila mmoja alijiandika mwenyewe.

Jumatatu asubuhi tangazo langu lilikutwa kituoni, limebandikwa na mkono usiojulikana. Jumatano ikafika ripoti yako: alama nne juu ya nne. "Teknolojia imetoka darasani na kuingia katika maisha ya jamii." Napinga alama hiyo kwa sababu hizi.

1. Picha. Nilichagua ya mwaka 1981 kwa sababu ndiyo ya mwisho yenye nywele. Wasafiri wawili wa basi la asubuhi walisikika wakisema, "Masikini, kafa kijana."

2. Maneno. Niliandika: "Mwandishi mkweli, mume mwema, jirani asiye na kinyongo." Jirani yangu Bibi Stoyna aliyasoma kwa sauti mara mbili, kisha akawauliza waliokuwepo, "Sasa huyu ni Evstati yupi?" Hata hivyo alikwenda nyumbani kuchemsha ngano ya matanga, akaileta langoni kwangu na kunikuta nafagia. "We Evstati! Umekufa au hujafa? Nimeshachemsha kilo mbili!" Nilimweleza kwamba sijafa. "Basi Mungu akusamehe," akasema, "maana mimi siwezi."

3. Kaburi. Pencho, mchimbaji wetu, alikuwa ameshafika kiunoni aliposikia kwamba niko hai. Alinijia na koleo begani. "Mzee, mimi udongo nikishautoa siurudishi. Wewe angalia ratiba yako."

4. Karata. Kiti changu mezani kilipewa fundi wa pampu siku hiyohiyo. Mwenzangu, niliyecheza naye miaka kumi na minne, alinipa mkono wa pole na kunijulisha kwamba sasa wanashinda. Nimeomba kurudi. Wanalijadili.

5. Fomu yenyewe. Nimeisoma yote. Inasema alama nne hutolewa pale teknolojia inapowezesha jambo ambalo bila yake lisingewezekana. Babu yangu alikufa mwaka 1947 katika nyumba isiyo na hata umeme. Bibi yangu alimfuata kwa mshumaa. Katika ukoo wetu kufa hakujawahi kuhitaji kompyuta. Kwa hiyo somo lile halikuleta lolote jipya. Lilichukua tu nafasi ya zana za zamani, na kwa fomu yako mwenyewe hiyo ni alama moja.

Najua kwamba darasa linalopata alama moja hufungwa, na kwamba Mwalimu Zhivka atarudi kiwandani kujaza pilipili kwenye chupa. Nasikitika. Lakini mtu aliyezikwa nusu ana haki ya takwimu sahihi.

Nisalimie wote ofisini, mama yako, na dereva wako aliyeegesha gari juu ya vitunguu vyangu. Vimesimama tena.

Ni mimi niliye hai, hadi chanzo cha kuaminika kitakaposema vingine,

Evstati Karadzhov,
mwandishi wa habari mstaafu

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimehakiki kila sentensi, kama nilivyofanya gazetini miaka thelathini na minane. Moja haikupita. Mkono uliobandika tangazo unajulikana. Ni wangu: saa kumi na mbili asubuhi, kwa gundi ya unga. Nilitaka kuona nani atakuja. Walikuja kumi na mmoja, nikimhesabu Pencho. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Zhivka, analia, koti amelivaa nje ndani. Mwachie nne yake. Alhamisi anatufundisha barua pepe, nami nina watu kumi na mmoja wa kuwaomba radhi.